SOMO: Maji ya Rejeta Yanakwenda Wapi?
Kutafuta na kuziba uvujaji kwenye injini ya lori iliyofanyiwa ovaholi



Lori linaporudi kutoka karakana likiwa na injini iliyofanyiwa ovaholi, kila mmoja hufurahi. Fedha nyingi zimetumika, msimu wa kusafirisha mbolea au mahindi umekaribia, na kamati inatamani kazi ianze mara moja. Lakini mara nyingine, baada ya safari mbili au tatu, dereva anaanza kubeba dumu la maji. Kila anapofika kituoni anasubiri injini ipoe, anafungua mfuniko wa rejeta na kuongeza lita moja au mbili. Chini ya gari pakavu. Hakuna anayeona maji yanakopotelea.

Hapo ndipo kamati hujikuta njia panda. Fundi anasema injini ifunguliwe tena. Mhasibu anasema fungu limekwisha. Mwingine anashauri inunuliwe dawa ya kuziba rejeta, lori liendelee mpaka msimu uishe. Somo hili limeandaliwa ili kamati isiamue kwa kubahatisha. Hatutegemei mjumbe ashike spana. Tunategemea aweze kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kuidhinisha malipo.

1. KWANZA TUELEWE MAJI YANAVYOZUNGUKA

Injini ya dizeli hubadilisha sehemu tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Sehemu kubwa inabaki kuwa joto, na joto hilo lisipoondolewa injini hunoki. Kazi ya kuliondoa hufanywa na maji. Pampu huyasukuma kupitia kwenye bloku, yakizunguka silinda, yanapanda kwenye silinda hedi, kisha yanapita kwenye themostati kwenda kwenye rejeta kupozwa na upepo. Themostati hubaki imefunga mpaka injini ipate joto lake, kwa malori mengi kama nyuzi 80 na kitu, halafu hufunguka.

Mfuniko wa rejeta si kifuniko cha kuzuia vumbi tu. Una springi inayozuia shinikizo ndani ya mfumo. Kwa malori mengi shinikizo hilo huwa karibu bar 0.9, na kiasi chake huandikwa juu ya mfuniko wenyewe. Faida yake ni kwamba maji yaliyo chini ya shinikizo huchelewa kuchemka. Pwani, maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 100. Kwa shinikizo la bar 0.9 hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Katika nyanda za juu kama Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 tu, lakini mfuniko mzima huyapeleka mpaka karibu nyuzi 115.

Ndiyo sababu lori linalopanda mlima Kitonga na mzigo, likiwa na mfuniko uliochoka, linaweza kuchemsha hata kama injini yake haina kosa lolote. Pia ndiyo sababu tundu dogo sana ni jambo kubwa. Tundu hilo likishapoteza shinikizo, maji huchemka mapema, na mvuke haupozi chuma kama maji yanavyopoza.

2. MAJI YANA NJIA TATU ZA KUPOTEA

(a) Yanavuja nje. Hupitia kwenye hosipaipu, klipu, rejeta, pampu ya maji, gasketi za nje, au vizibo vya bloku. Vizibo hivi ni visahani vya chuma vinavyoziba matundu yaliyoachwa kiwandani wakati bloku inamiminwa.

(b) Yanavuja ndani. Yanaweza kuingia kwenye silinda na kuchomwa, au kuingia kwenye oili. Hapa wanaoshukiwa ni gasketi ya silinda hedi, ufa kwenye hedi au bloku, kipoza oili, na kwa injini zenye slivu zinazoguswa na maji, mipira ya oringi iliyo chini ya slivu.

(c) Yanasukumwa nje kupitia kwenye mfuniko. Mfuniko unaweza kuwa mbovu, au moshi wa silinda unaingia kwenye maji na kuyasukuma.

Kwa injini iliyotoka kufungwa lipo jambo la nne ambalo si uvujaji. Maji yanapojazwa mara ya kwanza, hewa hubaki imenaswa kwenye kona za bloku na hedi. Hewa hiyo ikitoka, kiwango cha maji hushuka. Kupungua siku ya kwanza au ya pili kisha kukoma ni kawaida. Kupungua kwa kiasi kilekile kila safari si kawaida.

3. HATUA ZA UCHUNGUZI

Kanuni ni moja: anza na kipimo ambacho ni rahisi na hakifungui kitu, halafu endelea. Kuifungua injini kuwe kwa mwisho.

Hatua ya 1: Daftari la dereva. Dereva aandike tarehe, kilomita, mzigo, njia aliyopita na lita alizoongeza. Maji yapimwe injini ikiwa imepoa, lori likiwa mahali pa tambarare. Daftari la wiki moja humsaidia fundi kuliko maelezo marefu ya mdomo. Maji yakipungua zaidi kwenye milima na mzigo, shinikizo na joto vinahusika. Yakipungua hata lori likiwa limesimama, tafuta nje kwanza.

Hatua ya 2: Kutazama injini ikiwa baridi. Tumia tochi na kioo kidogo. Usitafute tone la maji peke yake, tafuta alama. Maji yanayovuja juu ya chuma cha moto hukauka kabla hayajafika chini, yakaacha ukoko mweupe, au wa rangi ya kulanti iliyotumika. Angalia chini ya pampu ya maji. Pampu nyingi zina kitundu kidogo kilichowekwa makusudi ili sili ikiisha maji yatokee hapo. Kitundu kikitoa maji, pampu ndiyo inayohitaji matengenezo. Kamwe kisizibwe.

Hatua ya 3: Oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili na ufungue mfuniko wa kujazia oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Ute mdogo chini ya mfuniko peke yake unaweza kuwa unyevu wa kawaida wa safari fupi, hivyo usihukumu kwa huo tu. Kipimo kizuri zaidi: lori lilale usiku kucha, asubuhi fundi alegeze kidogo bolti ya kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, na yakiwemo yatatangulia kutoka. Iwapo ni oili inayoonekana kwenye maji ya rejeta, shuku kipoza oili, kwa kuwa injini inapofanya kazi shinikizo la oili ni kubwa kuliko la maji.

Hatua ya 4: Pampu ya kupimia shinikizo. Hiki ni kifaa kidogo cha mkono chenye geji, kinachofungwa mahali pa mfuniko wa rejeta. Injini ikiwa baridi na imejaa maji, fundi anapampu mpaka shinikizo lililoandikwa kwenye mfuniko, bila kuzidisha, kisha anangoja dakika 15 mpaka 20. Geji isiposhuka, mfumo umeshika, angalau ukiwa baridi. Ikishuka, maji yanatoka mahali fulani, na kwa kuwa chuma ni baridi hayatakauka. Yatafuatwa kwa tochi. Kifaa hichohicho hupima na mfuniko. Ikiwa nje kote ni kukavu na geji inashuka, maji yanaingia ndani.

Hatua ya 5: Kupima moshi kwenye maji. Wakati wa mwako, shinikizo ndani ya silinda za dizeli nyingi za malori huzidi bar 100, wakati maji yana bar moja tu. Gasketi ikiungua kidogo, moshi ndio unaoingia kwenye maji injini inapofanya kazi. Injini ikizimwa, maji nayo hurudi kwenye silinda. Ipo dawa ya maji ya rangi ya buluu inayovutiwa hewa kutoka juu ya rejeta. Ikigeuka rangi, kuna moshi wa mwako ndani ya maji. Dalili nyingine ni hosipaipu ya juu kuwa ngumu muda mfupi baada ya kuwasha injini baridi, na mapovu yasiyokoma kwenye rejeta hata baada ya hewa yote kutolewa.

Hatua ya 6: Kutafuta silinda yenye maji. Ikiwa Hatua ya 4 au ya 5 imeonyesha uvujaji wa ndani, fundi aweke shinikizo kwenye maji kwa muda, atoe nozeli zote, kisha azungushe injini polepole kwa mkono. Silinda yenye maji itayatoa. Hatua hii pia ni ya usalama. Maji hayabanwi kama hewa. Stata ikizungusha injini yenye maji ndani ya silinda, konrodi inaweza kupinda, na hapo gharama inarudi kuwa ya ovaholi nyingine. Kwa injini zenye slivu za maji, fundi anaweza pia kufungua sampu, kuweka shinikizo, na kutazama kwa chini. Tone likishuka kando ya slivu, oringi imekatika au imekunjwa wakati wa kufunga.

4. MFANO KUTOKA KWENYE MRADI

Lori la tani saba linalohudumia sharika zetu za vijijini lilifanyiwa ovaholi: pistoni, slivu na beringi mpya, na silinda hedi ilipelekwa kusawazishwa. Baada ya kurudi kazini lilianza kupoteza karibu lita mbili kila safari ya kwenda na kurudi. Hakukuwa na tone chini. Karakana ilipendekeza hedi ifunguliwe, na kwamba gharama za gasketi, bolti na kazi zilipwe na mradi. Ndani ya kamati baadhi waliona fundi ameharibu kazi na anataka kulipwa mara mbili. Wengine walitaka itiwe dawa ya kuziba ili mbolea iwafikie wakulima kabla ya mvua za kupandia.

Kamati iliamua kwamba shilingi isitoke kabla ya vipimo, na kwamba lori lisipakie mpaka vipimo viishe. Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza, kwa sababu mifuko ilikuwa tayari ghalani na wakulima walikuwa wanauliza kila siku.

Matokeo yalikuwa hivi. Daftari lilionyesha maji yakipungua zaidi kwenye mlima na mzigo. Oili ilikuwa safi, na bolti ya sampu haikutoa maji. Dawa ya kupimia moshi ilibaki buluu. Lakini pampu ya shinikizo, injini ikiwa baridi, ilishuka taratibu. Kwa kioo na tochi fundi aliona ukoko mweupe nyuma ya menifoldi ya eksozi, na katikati ya ukoko, kizibo cha bloku kilichokuwa kikitoa jasho la maji. Injini ikiwa ya moto, maji hayo yalikuwa yanakauka palepale kwenye joto la eksozi. Ndiyo maana chini palikuwa pakavu siku zote.

Vizibo vilikuwa vimebadilishwa wakati wa ovaholi, lakini tundu la hicho kimoja halikusafishwa kutu vizuri kabla ya kizibo kipya kugongwa. Matengenezo yalifanyika hivi:

- Maji yalimwagwa kwenye chombo safi, menifoldi ikafunguliwa.
- Kizibo kiligongwa upande mmoja ili kigeuke, kikavutwa kwa koleo. Hakikusukumwa kidumbukie ndani ya bloku.
- Tundu lilisuguliwa kwa msasa laini mpaka chuma kikang'aa pande zote, kisha likafutwa likakauka.
- Kizibo kipya chenye kipimo sahihi kilipakwa gundi nyembamba ukingoni, kikagongwa kwa chuma cha mviringo kinachokienea ili kiingie sawasawa bila kulala upande.
- Menifoldi ilirudishwa na gasketi mpya, mfumo ukajazwa na hewa ikatolewa.
- Pampu ya shinikizo ilirudiwa mbele ya mjumbe wa kamati. Safari hii geji ilisimama dakika zote 20.

Silinda hedi haikufunguliwa. Karakana ilibeba gharama ya kazi, mradi ukanunua kizibo, gasketi za menifoldi na kulanti. Katika safari zilizofuata safu ya "maji yaliyoongezwa" kwenye daftari ilikuwa na sifuri. Mbolea ilichelewa, na kwa baadhi ya wakulima ilifika mvua zikiwa zimeshaanza. Hata hivyo ilifika, na injini ni nzima.

5. IKIWA KWELI NI GASKETI YA SILINDA HEDI

Si kila mara matokeo yatakuwa mepesi hivyo. Dawa ya moshi ikigeuka rangi, au maji yakionekana kwenye silinda au kwenye oili, injini ifunguliwe bila kuchelewa. Kamati iombe kuhakikishiwa mambo yafuatayo:

Uso wa hedi na wa bloku umepimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji, na vipimo vimeandikwa na kulinganishwa na kitabu cha mtengenezaji. Gasketi mpya juu ya uso uliopinda itaungua tena. Hedi imepimwa nyufa. Kimo cha slivu juu ya uso wa bloku kimepimwa, kwa sababu slivu iliyozama haiibani gasketi. Matundu ya bolti yamesafishwa na kukaushwa. Oili au maji yakibaki ndani ya tundu lisilotokea upande wa pili, bolti itaonekana imekaza kumbe haijakaza, na inaweza hata kupasua bloku. Bolti zimekazwa kwa spana ya toki, kwa awamu, kuanzia katikati kwenda pembeni kwa mpangilio wa kitabu. Bolti za aina inayovutika hazirudiwi. Mwisho, baadhi ya injini hutaka bolti zikazwe tena baada ya kutembea kidogo, na nyingine hazitaki. Kitabu ndicho kinachoamua.

6. MAMBO YA KUEPUKA

Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyopita nyuzi 100 hugeuka mvuke ghafla na kumuunguza mtu usoni na kifuani.

Usiondoe themostati kwa kudhani injini itapoa zaidi. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi huchakaa haraka, na kwa baadhi ya injini maji hupitia njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, ikachemsha zaidi.

Usitegemee dawa ya kuziba. Haichagui tundu, inaweza kuziba hata vijia vyembamba vya rejeta na kipoza oili. Dereva aliyekwama porini anaweza kuitumia afike nyumbani. Haihesabiwi kuwa matengenezo.

Usimwage maji baridi kwenye injini iliyochemka. Hedi hupasuka. Zima, ngoja ipoe.

Usijaze maji ya kisima yenye chumvi. Chumvi hujenga gamba linalozuia joto kutoka. Changanya kulanti na maji safi yasiyo na madini kwa kipimo cha mtengenezaji, mara nyingi nusu kwa nusu. Maji ya betri yanafaa kama ni yale yasiyo na asidi. Yale makali yasiguse rejeta kabisa. Hata kwetu ambako hakuna barafu kulanti inahitajika, maana huzuia kutu na huzuia slivu za maji kutobolewa na mapovu yanayopasuka juu ya chuma. Msichanganye aina mbili kwa kuangalia rangi, kwani rangi haielezi kilichomo.

Kulanti nyingi zina sumu, na ladha yake ni tamu. Isiwekwe kwenye chupa za soda wala kumwagwa mahali ambapo watoto, mbwa au mifugo hunywa.

7. WAJIBU WA KAMATI NA WA WAFADHILI

Kamati isipokee injini iliyofanyiwa ovaholi bila karatasi ya makabidhiano inayoonyesha matokeo ya pampu ya shinikizo, vipimo vya hedi na slivu, na muda wa dhamana kwa maandishi. Mjumbe mmoja awepo kipimo kinapofanyika. Hatufanyi hivyo kwa kumshuku fundi. Fundi mwema hulindwa na karatasi hiyo kama kamati inavyolindwa.

Kwa wafadhili wetu: mnapoona kwenye bajeti fungu la "vifaa vya kupimia" na fungu dogo la dharura baada ya ovaholi, tunaomba msilione kama nyongeza ya anasa. Pampu moja ya kupimia shinikizo inaweza kuhudumia magari yote ya dayosisi kwa miaka mingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye injini, ukuta huo ni ovaholi ya pili.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE KAMATI

1. Je, dereva wetu ana daftari la maji na oili? Nani hulisoma, na mara ngapi?
2. Mara ya mwisho tulipolipia matengenezo, tulipewa matokeo gani ya vipimo kwa maandishi?
3. Mfuniko wa rejeta wa lori letu umeandikwa shinikizo gani, na umewahi kupimwa?
4. Lori likisimama wiki moja kwa ajili ya uchunguzi, mzigo wetu utasafirishwaje? Tumekubaliana na nani kabla ya siku hiyo?
5. Nani kati yetu ana mamlaka ya kusema lori lisiondoke, hata kama mzigo uko tayari?